Mahari, basi la Nairobi na sahani ya Fadhili William

Wiki iliyopita sikuonekana hapa, na wapo walionipigia simu kuuliza kama nimefulia au nimeoa. Jibu ni kwamba nimefulia kwa sababu ya kutaka kuoa. Nilikuwa Nairobi. Kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

Yote yalianzia Keko, Jumapili moja ya mwezi wa sita, sebuleni kwa baba wa mwenzangu. Ilikuwa mara yangu ya tatu kukanyaga pale tangu mshenga apeleke barua. Mahari ilishatajwa, milioni moja na nusu, na mimi kibindoni nilikuwa na laki sita na ushee. Kwa hiyo nilikaa kwa adabu zote, magoti yamebanana kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nakunywa chai taratibu ili isiishe mapema nikakosa pa kuweka mikono.

Nyumba ya pili kulikuwa na sherehe, spika zao zinatingisha mabati ya mtaa mzima. Katikati ya Bongo Fleva wakaweka "Malaika". Mzee akafumba macho. Mimi nikaona huo ndio upenyo wa kujipendekeza, nikasema, "Dah, mzee, huyu mama Miriam Makeba aliutunga wimbo wake huu, akatulia."

Mzee akafumbua macho. Akaweka kikombe chini.

"Wimbo wa nani?"

"Wa... Makeba, mzee."

"Bwana mdogo," akasema polepole, "unataka kuoa bila pesa, halafu hujui hata wimbo wa watu wanaotaka kuoa bila pesa uliimbwa na nani?"

Mwenzangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la maandazi, akageuka akarudi nalo jikoni. Ndiyo nikajua nimeharibu.

MTU WA MUTHURWA

Kumbe yule mzee ninayemwona kila siku na msuli wake na redio ya mkulima ni mtu wa Nairobi wa zamani. Mwaka 1969, akiwa na miaka 20, aliajiriwa na reli ya Afrika Mashariki, enzi hizo reli ni moja kwa nchi tatu na makao makuu yako Nairobi. Wakampa chumba Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, si mbali na stesheni. Mshahara ukitoka, jambo la kwanza ni kutuma nyumbani, la pili ni kupita River Road kununua sahani moja ya santuri, zile ndogo za nyimbo mbili, upande mmoja wimbo na upande wa pili wimbo. Moja tu kwa mwezi. Nyingine alikuwa anaziokota mkono wa pili, za miaka ya 60 mwanzoni, ambazo yeye alizisikia kwenye redio akiwa bado mtoto wa shule.

Alifikisha sahani kama arobaini. Kulikuwa na Daudi Kabaka na twisti zake, kulikuwa na Fundi Konde, na juu ya zote, kwenye bahasha yake ya karatasi, kulikuwa na "Malaika" ya Fadhili William.

"Sauti ya Makeba ni sauti ya malkia," aliniambia. "Namheshimu. Lakini malkia anaomba mahari ya nini? Fadhili ukimsikia unajua huyu kijana kweli hana kitu."

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mzee alirudi Dar siku chache kabla, na begi moja la nguo. Sahani zote akamwachia jirani, akimwambia atazifuata mambo yakitulia. Mpaka ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa mwaka 1983. Miaka yote hiyo, jirani hayupo, chumba kina watu wengine, na mzee kesharukia maisha mengine. Hakurudi Nairobi tena.

Alipomaliza kusema akaomba chai nyingine. Sikupewa maandazi siku ile, msomaji wangu, na nilistahili.

LAKI SITA INAPUNGUA

Nilirudi ghetto kwangu Tandika kichwa kinauma. Nikakaa na simu usiku kucha nasoma. Huwezi amini niliyoyakuta.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Kenya, upande wa Taita, na hilo jina la Mdawida maana yake ndiyo hiyo hiyo, Mtaita. Aliurekodi wimbo mwanzoni mwa miaka ya 60 akiwa na kundi lake la Jambo Boys, kisha ukatoka tena kwenye lebo ya Equator ya Nairobi kwa jina la Fadhili William na Black Shadows. Lebo hiyo ndiyo iliyokuwa na akina Daudi Kabaka. Na kama unadhani hao walikuwa wa mtaani tu, jua kwamba "Helule Helule" ya Kabaka ilichukuliwa na kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes mwaka 1968, ikapanda chati za kwao mpaka namba 14.

"Malaika" yenyewe ndiyo usiseme. Makeba aliiimba kwenye albamu aliyotoa na Harry Belafonte mwaka 1965, na albamu hiyo ikabeba tuzo ya Grammy ya nyimbo za asili mwaka uliofuata. Boney M wakaipiga kidisko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaiweka kwenye albamu yake ya mwaka 1991. Kuanzia Mombasa mpaka Zanzibar, ukikaa kwenye hoteli ya watalii saa moja tu, bendi itakuimbia, na mgeni kutoka Ujerumani atatingisha kichwa akidhani ni wimbo wa kukaribisha wageni. Hajui kwamba kijana wa watu analia njaa!

Halafu kuna ugomvi. Wapo wanaosema mtunzi hasa ni Mtanzania mwenzetu, Adam Salim, aliyewahi kuishi Nairobi miaka ya 40, ambaye alinyang'anywa mchumba na mtu mwenye pesa. Wapo wanaosema ni Lucas Tututu wa Mombasa. Na wapo wasiotaka kusikia jina lingine zaidi ya Fadhili mwenyewe. Haki za wimbo ziligombaniwa miaka na miaka. Fadhili aliishi Marekani muda mrefu, akarudi Kenya, akafariki Februari mwaka 2001. Daudi Kabaka naye akamfuata Novemba mwaka huo huo.

Asubuhi nikamwambia mwenzangu: nakwenda Nairobi kumtafutia mzee sahani yake.

"Kwa pesa gani?"

Nikanyamaza.

"Usiniambie ni ile ya mahari."

Nikaendelea kunyamaza. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyepandisha mashetani. "Yaani unachukua pesa ya kunioa mimi, unaenda kumnunulia baba yangu wimbo unaosema huna pesa ya kuoa?" Ukiliangalia kwa jicho hilo, kweli ni uchizi. Lakini mimi niliona hivi: hata nikikamilisha milioni na nusu, kwa yule mzee nitabaki kuwa yule kijana wa Makeba mpaka nazeeka.

NJIANI

Basi liliondoka Mbezi alfajiri, kiza bado. Kama hujawahi kwenda Nairobi kwa basi, jua unakwenda kukaa kitako siku nzima. Chalinze unanunua mahindi ya kuchoma kwa dirishani. Segera unanunua machungwa. Korogwe unaangalia mkonge mistari mistari mpaka macho yanachoka. Baada ya hapo inakuja milima ya Upare upande wa kulia, haiishi, kama mtu anayekusindikiza halafu hataki kurudi kwake. Moshi tulipita mlima uko ndani ya mawingu, abiria wote wa upande ule wameshika simu wanapiga picha mawingu.

Jirani yangu kwenye siti alikuwa mama wa Kikenya anayekuja Kariakoo kufunga mzigo wa nguo. Tukapiga stori. Nilipomwambia ninachofuata Nairobi alicheka mpaka akamwaga karanga.

"Si uskize tu kwa simu?"

"Mzee hataki ya kwenye simu."

"Huyo mzee ako sawa," akasema baada ya kufikiri. "Baba yangu pia alikuwa hivyo. Ukiweka zilizopendwa kwa simu anakwambia zima hiyo nyuki."

Hapo nikajifunza kitu. Sisi Bongo tunaita "zilipendwa". Wenzetu wanasema "zilizopendwa". Nilimuuliza kwa nini wameongeza hiyo "zo" katikati, akasema haongezi mtu kitu, ni sisi tuliopunguza. Mjadala ule ulitufikisha Arusha.

Namanga tulishuka usiku, baridi inauma. Siku hizi ni jengo moja, unagonga mhuri wa kutoka Tanzania, unasogea dirisha lingine unagonga wa kuingia Kenya. Nikasimama kwenye foleni nikiwaza mwaka 1977. Kwa mzee hapa palikuwa ukuta. Mimi nimepita kwa dakika chache nikiwa na soda mkononi.

JIJI LA BARIDI

Nairobi nilifika usiku mkubwa, nikalala gesti moja karibu na River Road, chumba kina kitanda na msumari wa kutundikia shati, basi. Asubuhi nilipotoka nje nikaelewa kwa nini Wakenya wanavaa makoti. Mwezi wa saba ule, jua limejificha, mtu wa Tandika unatetemeka kama kifaranga.

River Road ndiyo mtaa aliokuwa akiusema mzee. Miaka ya 70 na 80 wazalishaji wa muziki walijazana hapa na mitaa ya jirani, mwanamuziki akija kutoka Kisumu au Machakos au Tanga anafikia hapa hapa. Leo mtaa bado una kelele, lakini kelele nyingine: makondakta wa matatu, wauza viatu, wauza kava za simu, mahubiri kwenye spika. Niliingia duka moja lenye picha ya gitaa ukutani, nikauliza sahani za santuri. Kijana akanishangaa.

"Sahani za nini?"

"Za muziki. Za zamani."

"Ah, rekodi! Hizo hatuna, brathe. Lakini naweza kukuwekea zilizopendwa mia tano kwa flashi. Mia tano, kwa soo mbili tu."

Soo mbili ni shilingi mia mbili za kwao, na shilingi moja ya kwao ni kama ishirini ya kwetu, piga hesabu mwenyewe. Nyimbo mia tano kwa bei ya sahani ya wali wa nyama. Nilishawishika, sikudanganyi. Lakini nikaona uso wa mzee akipokea flashi, nikashukuru nikatoka.

Kabla ya kuendelea na msako nikapita Muthurwa, maana nilimuahidi. Alinichorea ramani kwenye karatasi ya daftari: stesheni hapa, reli hapa, bomba la maji hapa, chumba changu cha nne kutoka kona. Nikaizungusha ramani ile kila upande. Nilichokiona mimi ni soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008, na watu kama siafu. Mitumba, viazi, vitunguu, sufuria, matatu zinapiga honi ndani ya watu. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza mboga kama anajua nyumba za zamani za reli ziko upande gani, akanionyesha kwa kidole, nikaenda, nikazunguka, nikahesabu kona zangu. Bomba sikuliona. Chumba cha nne sikukiona. Nikasimama pale nikiwa na ramani ya mtu aliyeondoka miaka karibu hamsini iliyopita, watu wananipiga vikumbo wakidhani ni mtalii.

Nilipiga picha, lakini nikajua sitamwonyesha yote.

KENYATTA MARKET

Yule mama wa kwenye basi ndiye aliyenipa dili. Alinitumia ujumbe: "Enda Kenyatta Market. Ukikosa huko, rudi kwenu." Nikapanda matatu, muziki unapasua masikio, kiti kinatetemeka kwa besi kama unasagwa mgongo.

Kenyatta Market ni soko ambalo ukifika huwezi kusema linauza nini. Upande mmoja moshi wa nyama choma unakuingia mpaka kwenye soksi. Upande mwingine ni kina dada wa kusuka, ukipita tu wanakushika mkono, "Kuja nikusuke," hata kama una kipara. Na katikati ya hayo yote, kwenye vijia vyembamba, kuna rekodi kuukuu. Nilipoziona nilisimama. Maboksi mpaka juu, bahasha zimechakaa, harufu ya vumbi na karatasi ya zamani.

Nilitegemea kumkuta babu. Niliyemkuta ni binti wa rika langu, kofia ya sufi kichwani, anafuta sahani na kitambaa laini kama anayemfuta mtoto uso. Alisema kibanda ni cha mjomba wake, yeye anashika zamu.

"Unataka ya nani?"

"Fadhili William."

Akaacha kufuta. "Unataka ya kuskiza ama ya kuweka kwa ukuta?"

Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema wapo wanaokuja kununua rekodi za Equator kwa sababu ya lebo tu, wanazitundika kama picha, hawana hata mashine. Hao huwapandishia bei. Nikamwambia mimi ni ya mkwe. Akacheka, akasema hiyo bei hajawahi kuiweka.

Nilimsimulia yote. Reli, Muthurwa, sahani arobaini, mwaka 1977, kosa langu la Makeba. Alipofika kwenye Makeba aliziba mdomo. "Ulisema hivyo mbele yake? Woi!" Akainama chini ya meza, akatoa boksi lililofungwa kwa kamba, akapekua taratibu kwa vidole viwili, akaivuta. Ndogo, nyeusi, jina la Fadhili limeandikwa katikati. Ina michubuko, lakini haijapasuka.

"Lazima uskize kwanza," akasema. "Usije ukasema niliuzia mkwe wako kelele."

Akaiweka kwenye mashine. Kwanza ikakwaruza, shh shh shh, kama mafuta yanayokaanga dagaa. Halafu gitaa. Halafu sauti.

Msomaji wangu, nimeusikia wimbo ule mara elfu. Kwenye harusi, kwenye matangazo, shuleni tuliimbishwa mbele ya mgeni rasmi. Sijawahi kuusikia vile. Hakuna vinanda vya kupamba wala mtu anayeonyesha ufundi wa koo. Ni kijana anaongea na msichana kwa upole, anamweleza kwamba nia ipo, mfuko ndio hauna kitu. Nikakumbuka laki sita yangu. Nikakumbuka sinia la maandazi linavyorudi jikoni. Nikaangalia pembeni nikijidai kusoma majina kwenye maboksi.

Nilipogeuka, kulikuwa na watu mlangoni. Dada wawili wa kusuka wameacha mteja na nywele nusu kichwa, mteja mwenyewe naye kasimama. Kijana wa nyama choma na kisu mkononi. Mzee mmoja wa kofia ya kiua aliyekuwa anapita zake. Wanaimba chini chini, wote wanajua maneno, mpaka yule wa kisu ambaye nadhani ni mdogo kuliko mimi.

Ulipoisha, mzee wa kofia akasema, "Huu wimbo wa Mombasa huu. Wa Tututu."

Mimi na uzalendo wangu sikunyamaza. "Mzee, shikamoo, lakini sisi tunasikia ni wa Mtanzania, Adam Salim."

"Adam nani? Kijana, umekuja na basi kutuibia wimbo?"

Kijana wa kisu akaingilia, "Ni wa Fadhili, si imeandikwa hapo?" Basi hapo mtaa ukawaka. Tukabishana kama wapenzi wa Simba na Yanga, kila mtu ana ushahidi wa baba yake. Mteja wa nywele nusu ndiye aliyetunyamazisha. Alisema, "Nyinyi gombaneni. Dada, rudisha sindano tuskize tena."

Ikarudishwa. Tukasikiliza tena.

Nilimuuliza binti, wewe umezaliwa juzi, haya mambo ya miaka ya 60 unayataka ya nini? Akasema alianza kwa kulazimishwa na mjomba. Siku moja alikuwa ameachwa, amekaa pale kibandani analia, akaweka rekodi asizozijua moja baada ya nyingine. "Nikaona hawa watu hawajifanyi," akasema. "Ako broke anasema ako broke." Tangu hapo anakuja hata siku zisizo zamu yake.

Bei alianzia 3,500 za kwao. Nikamwonyesha pochi yangu wazi, nauli ya kurudi nikaitenga mbele yake. Tukashuka, tukashuka, tukaishia 2,200. Akaifunga kwenye gazeti, halafu kwenye katoni mbili, halafu kwenye sweta lake kuukuu, akakataa kulipwa sweta. "Mwambie mzee wa Muthurwa imetoka Nairobi," akasema.

KEKO TENA

Namanga wakati wa kurudi kijana mmoja wa ukaguzi alifungua sweta, akaishika sahani juu ya taa, akaniuliza hii ni CD ya wapi mbona kubwa hivi. Nikamwomba kwa heshima zote asiiguse katikati. Safari nzima niliilaza mapajani, hata chooni nilikwenda nayo.

Jumamosi saa kumi nilikuwa Keko. Mzee yuko barazani na redio yake. Nikamwamkia, nikampa kifurushi, nikakaa. Akafungua sweta, akafungua katoni, akafungua gazeti. Akaingia ndani kuchukua miwani. Akarudi, akasoma lile jina kwa sauti, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza: Fadhili William.

Sasa hapa ndipo panapochekesha. Hana mashine! Mashine yake ya sahani iliuzwa miaka ya 90, ada ya shule ya kaka yake mwenzangu. Mimi, mkwe mzima, nimevuka mpaka na nchi mbili, sikuuliza! Mwenzangu akashika kichwa. Nikasema nitazunguka Kariakoo nitafute fundi, nitapata hata ya kuazima.

Mzee alikuwa hatusikii. Kaishika sahani kwa ncha za vidole kama binti wa Kenyatta Market alivyoishika, anaigeuza upande huu, upande ule. Kisha akaanza kuimba. Sauti haina nguvu tena, anakata pumzi katikati ya mstari. Kutoka jikoni mama akadakia. Sikujua kama mama anaujua. Alikuwa hajasimama hata kutoka kwenye kinu chake, anaimba huku anatwanga. Wakafika mwisho pamoja.

Aliniuliza kuhusu Muthurwa. Nikamwambia bomba lipo. Mungu anisamehe.

Nilipoona kalainika nikajaribu bahati yangu. "Mzee, sasa huyu kijana wa kwenye wimbo, hali yake unaionaje? Si angesaidiwa?"

Alivua miwani akanitazama. "Fadhili alisema hana. Hakusema apunguziwe."

Mwenzangu akaangua kicheko huko ndani.

"Mahari haipungui hata thumni," mzee akaendelea. "Ila ukileta kidogo kidogo, mlango huu sitaufunga. Na maandazi utapewa."

Nikapewa matatu.

Kwa hiyo msomaji wangu, laki sita imebaki laki tatu na kitu, na safari ya milioni moja na nusu ndiyo kwanza inaanza Chalinze. Jumatatu nimezunguka Gerezani na Kariakoo, fundi mmoja kaniambia ana mashine ya sahani, inataka sindano tu, nirudi wiki ijayo. Ikipatikana, Jumapili tutasikiliza Keko. Jirani wa sherehe nimeshamwomba azime spika zake kwa dakika tatu.

Na wewe unayekwenda kuoa, ukisikia "Malaika" ukumbini muulize DJ ni ya nani. Akisema Makeba, mwambie apige tu. Lakini mwambie na jina la Fadhili.

Tukutane wiki ijayo, nikipata nauli.